Ogopa Chujio Lililoongeza Kasi

Masika yakianza, malalamiko kuhusu machujio ya maji hufanana nyumba kwa nyumba: chujio limekuwa zito. Ndoo ya juu imejazwa jioni, asubuhi ndoo ya chini ina vikombe vichache tu, na watu wanataka maji ya kunywa na ya kubeba shuleni. Mwenye nyumba anahitimisha kwamba chujio limekufa. Anayejifanya fundi kidogo analifungua, anausugua mshumaa wa kauri kwa stilwaya mpaka ung'ae, anaurudisha na kuukaza kwa koleo. Maji yanaanza kushuka kwa kasi ya kufurahisha. Watu wanakunywa na kumshukuru, wakati huenda amekwishaupasua mshumaa pale kwenye kitako.

Chujio linalofanya kazi kwa uzito wa maji yenyewe halina taa wala kengele. Chombo pekee cha kulipimia ambacho kila nyumba inacho ni kasi ya maji yake. Likipunguza kasi kidogokidogo, limekamata uchafu, na hiyo ndiyo kazi tuliyolinunulia. Likiongeza kasi ghafla na hakuna aliyelisafisha, maji yamepata njia ya kupita bila kuchujwa. La kwanza ni usumbufu. La pili ni homa ya matumbo, kuhara damu, na mwaka wa mkosi kipindupindu. Ajabu ni kwamba karibu ushauri wote tunaopeana majumbani unahusu lile la kwanza.

Matunzo yote yanatokana na namna chombo kinavyofanya kazi, kwa hiyo tukitazame. Chujio la kawaida katika nyumba za Afrika Mashariki ni ndoo mbili zilizopandana, za plastiki au za chuma kisichoshika kutu. Ndani ya ile ya juu umesimama mshumaa mmoja, au miwili, au mitatu ya kauri, yenye uwazi ndani. Kila mshumaa una shina lenye nyuzi za skrubu linalopita kwenye tundu la sakafu ya ndoo na kufungwa kwa nati upande wa chini. Maji machafu huuzunguka mshumaa, hupenya ukuta wake, huingia kwenye uwazi, hushuka kwenye shina na kudondoka katika ndoo ya chini yenye koki. Kinachoyasukuma ni kina chake tu, na msukumo huo ni mdogo mno. Sentimita 20 za maji hutoa asilimia 2 ya baa moja. Bomba la mjini lenye msukumo wa baa 2 lina nguvu mara 100 ya hiyo.

Ukikubali hesabu hiyo, mambo mengi yanayowasumbua watu yanaeleweka. Chujio lililojaa hadi ukingoni hutoa maji kwa kasi kubwa kuliko lililobaki nusu, kwa sababu kina kimepungua. Maji yakishuka chini ya kichwa cha mshumaa kasi huporomoka zaidi, maana sasa sehemu ya ukuta wa kauri iko hewani na haifanyi kazi. Nyumba inayoongeza maji juu kila yanapopungua itapata maji mengi kwa siku kuliko ile inayojaza asubuhi na kusahau, ingawa chujio ni lilelile. Tena ndoo ya chini ikijaa mpaka maji yaguse mashina ya mishumaa, mtiririko unapungua, na mtu asiyechungulia humo atadhani mishumaa imeziba. Kabla ya kushika brashi, funua uangalie viwango vya maji katika ndoo zote mbili. Mshumaa mpya au uliokauka nao hukataa kupitisha maji kwa sababu hewa imenaswa kwenye vitundu vyake. Uzamishe kwenye maji safi kwa saa kadhaa kwanza, shina likiwa wazi juu ili hewa ipate pa kutokea.

Vitundu vya kauri nzuri vina upana wa nusu mikroni au chini ya hapo. Vifuko vya vimelea vya Giardia vina mikroni 8 hadi 12, na vya Cryptosporidium 4 hadi 6. Vyote hukwama nje. Bakteria wa kipindupindu na E. coli ni wembamba, unene wao ukikaribia nusu mikroni na urefu mikroni moja mpaka tatu, lakini njia za ndani ya kauri zimepindapinda na wachache mno hufika upande wa pili. Virusi ni habari nyingine kabisa. Kirusi cha rota, kinachoharisha watoto wadogo, kina mikroni 0.07 hivi, na cha homa ya ini aina ya A hakifiki nusu ya hiyo. Kauri peke yake haitegemewi kuvizuia, na muuzaji anayesema inazuia kila kitu hastahili fedha yako.

Uchafu uliokwama hujenga ukoko juu ya kauri. Ukoko huo ndio unaopunguza kasi, lakini wenyewe nao huchuja. Kwa hiyo maji ya chujio lililokuwa zito kwa kawaida si machafu kuliko ya siku lilipokuwa jepesi. Ubaya wa uzito uko kwingine, nao ni mkubwa: maji yasipotosha, mtoto atakinga bomba moja kwa moja, na msaidizi wa nyumbani atajaza jagi la mezani kutoka kwenye simtanki. Tunasafisha chujio ili nyumba nzima iendelee kulitumia.

Historia ina kisa kimoja ambacho kila mwenye chujio angefaa kukijua. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000 mjini Hamburg, Ujerumani. Mji huo ulisambaza maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Altona, mji uliopakana nao kiasi kwamba mtaa mmoja uligawanywa na mpaka, ulichota maji ya mto huohuo, tena chini ya pale maji taka ya Hamburg yalipomwagwa. Lakini Altona uliyapitisha polepole kwenye mchanga, kwa uzito wake yenyewe, nao ukanusurika kwa kiasi kikubwa. Hadithi hii husimuliwa sana na kuishia hapo. Iliyofuata ndiyo inayotuhusu. Katika majira ya baridi, mwanzoni mwa 1893, kipindupindu kilizuka Altona kwenyewe. Robert Koch, aliyekuwa amemtambua bakteria wa ugonjwa huo miaka kumi kabla, alichunguza na kukuta kwamba chujio moja la mchanga liliganda kwa baridi lilipokuwa likisafishwa. Likarudishwa kazini likiwa limeharibika, na hakuna mnywaji aliyeona tofauti kwenye glasi yake. Baada ya hapo Koch alitaka maji yasipite kwenye mchanga kwa kasi inayozidi milimita 100 kwa saa, na maji ya kila chujio yapimwe kila siku, bakteria wasizidi 100 kwa mililita moja.

Tuzingatie: lililowaponza watu wa Altona ni usafishaji, na mtu aliyesoma kuliko wote juu ya jambo hilo alianza kwa kuweka mpaka wa kasi. Nyumbani hatuna maabara ya kuhesabu bakteria kila siku. Kasi tunaweza kuipima.

Namna ya kuipima ni hii. Safisha chujio, lijaze mpaka ukingoni, liache lifanye kazi siku chache lizoee. Kisha siku moja lijaze tena mpaka ukingoni, ondoa maji yote ya ndoo ya chini, na baada ya nusu saa kamili pima yaliyoshuka kwa jagi lenye alama za mililita. Andika kiasi hicho na tarehe kwenye kipande cha plasta na ukibandike ubavuni mwa chujio. Mshumaa mmoja wa kauri mara nyingi hutoa lita moja hivi kwa saa, mingine nusu yake, mingine zaidi kidogo. Usijilinganishe na jirani. Namba ya kushika ni ile ya chujio lako mwenyewe likiwa safi na zima. Rudia kila mwezi, na masika kila wiki. Kiasi kikishuka hadi nusu ya kile cha mwanzo, ni wakati wa kusafisha. Kikizidi cha mwanzo kwa kiwango kinachoonekana na mshumaa ni uleule, usiyanywe maji hayo mpaka ujue sababu.

Kusafisha kwenyewe hakuhitaji nguvu wala sabuni. Nawa mikono kwa sabuni kwanza na uisuuze sawasawa. Ondoa ndoo ya juu kabisa kutoka juu ya ile ya chini kabla ya kugusa nati yoyote, kwa sababu ukifungua mshumaa ndoo zikiwa zimepandana, tope lililotulia sakafuni litaporomoka kupitia tundu na kuingia katika maji yaliyokwisha kuchujwa. Hili ndilo kosa linalofanyika zaidi, na halionekani kwa macho baada ya dakika mbili. Mimi napendelea kusugua mshumaa ukiwa bado umefungwa mahali pake: shina halichafuki, na washa ya mpira haisumbuliwi. Weka maji kidogo ndani ya ndoo, shika mshumaa karibu na kitako kwa mkono mmoja, na kwa mwingine uusugue kwa brashi laini au kipande cha dodoki, kuanzia juu kuja chini, mpaka ule utelezi wa kahawia uondoke na kauri irudie weupe wake. Mwaga, suuza, rudia mara moja. Sabuni huingia kwenye vitundu na kuyapa maji ladha kwa siku nyingi. Stilwaya na msasa hula kauri vibaya na kuacha mikwaruzo ambayo uchafu hujificha humo.

Hata brashi laini huondoa tabaka jembamba kila mara. Mwenye nyumba mwenye bidii anayesugua kila siku mbili anaumaliza mshumaa wake kabla ya wakati, na ukuta uliokonda huchuja vibaya na huvunjika upesi. Sugua pale kasi inapokuambia. Baadhi ya watengenezaji huweka ndani ya boksi pete ndogo ya plastiki ya kupimia unene: ikipita juu ya mshumaa bila kukwama, mshumaa umekwisha. Pete hiyo kwa kawaida hutupwa pamoja na boksi siku ya kwanza. Itunze.

Mshumaa ukisuguliwa vizuri na kasi isirudi, tazama maji yenyewe. Maji ya visima virefu yenye madini ya chuma hutoka meupe na kugeuka mekundu yakikutana na hewa, na kutu hiyo huziba kauri kwa kina ambacho brashi haifiki. Yaache yalale usiku kucha kwenye chombo kipana, kisha mimina yale ya juu tu. Maji ya mto wakati wa mvua nayo yalale kwanza, na kama ni mazito kama uji yatulizwe kwa shabu au unga wa mbegu za mlonge kabla ya kufika kwenye kauri. Kitambaa pia husaidia kuliko watu wanavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliofanywa na timu ya Rita Colwell huko Matlab, Bangladesh, ulionyesha kwamba kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mikunjo minne au zaidi kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa sababu bakteria wengi wa ugonjwa huo hujishika kwenye vidudu vidogo vya majini ambavyo kitambaa hukamata. Nguo kuukuu ilifaa kuliko mpya: nyuzi zilizolegea kwa kufuliwa huziba matundu ya mfumo. Kanga iliyochakaa, ikikunjwa hivyo na kufuliwa kila baada ya kazi, itaupunguzia mshumaa sehemu kubwa ya tope. Isichukuliwe kuwa chujio kamili.

Sasa lile la kuogopwa. Maji yakianza kushuka upesi bila sababu, washukiwa ni watatu. Wa kwanza ni nati iliyolegea au washa iliyokauka na kupasuka, maji yakapenya kando ya shina. Washa ya mpira hukaa ndani ya ndoo, kati ya kitako cha mshumaa na sakafu, na nati hukazwa kwa vidole tu, kwa kuwa koleo hupasua kitako cha plastiki. Wa pili ni gundi inayounganisha kauri na kitako. Wa tatu ni ufa katika kauri, ambao unaweza kuwa mwembamba kuliko unywele na usionekane mchana kweupe.

Kuna kipimo cha ufa ambacho kila mtu anaweza kukifanya, na nashangaa hakifundishwi. Loweka mshumaa mpaka ushibe maji, uzamishe kwenye beseni la maji safi, unganisha mrija mdogo safi kwenye shina, na usukume hewa taratibu kwa bomba jipya la sindano. Maji yaliyojaa kwenye vitundu vya nusu mikroni huvishikilia kwa nguvu kubwa. Ingehitajika baa 5 na zaidi kuyafukuza. Msukumo mdogo wa bomba la sindano haufui dafu hapo, na mshumaa mzima hautatoa kitu. Ukiona mfululizo wa mapovu ukitoka mahali pamoja, iwe ubavuni au pale kauri inapokutana na kitako, umeukuta ufa. Usisukume kwa nguvu, usije ukaibandua gundi iliyokuwa nzima. Mshumaa uliopasuka hauzibwi kwa gundi ya dukani wala nta. Unatupwa. Na kama ndoo ina mishumaa mitatu na mmoja una ufa, ile miwili mizima haikusaidii, kwa kuwa maji hupita kwa wingi pale penye kizuizi kidogo. Ukilazimika kubaki na miwili, ziba tundu la tatu kwa kizibo chake chenye washa.

Kuvunjika ndiko kunakoua machujio ya kauri kuliko jambo lolote. Nchini Kambodia, ambako vyungu vya kuchujia vilisambazwa kwa wingi, uchunguzi ulioongozwa na Joe Brown na Mark Sobsey na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba kila mwezi kama asilimia 2 ya nyumba ziliacha kuvitumia, na sababu kubwa ilikuwa chungu kuvunjika au sehemu yake kuharibika. Waliokuwa bado wanavitumia walipata kuhara pungufu kwa asilimia 46. Vyungu vya namna hiyo, vinavyotokana na kazi aliyoianza Fernando Mazariegos nchini Guatemala mwaka 1981, hufinyangwa sasa hata kwetu, Arusha, Limuru na Uganda. Udongo huchanganywa na unga wa mbao au makapi ya mpunga, ambayo huungua tanuruni na kuacha vitundu. Chungu kizuri hutoa lita moja mpaka tatu kwa saa. Kinachotoa zaidi kwa mbali kina kasoro hata kama ni kipya, na kiwanda makini hukivunja kabla hakijafika sokoni.

Nimeacha ndoo ya chini mpaka hapa ingawa ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Watu husafisha ndoo ya juu kwa sababu uchafu wake unaonekana. Ya chini ina maji meupe, basi inaaminiwa miezi na miezi. Pitisha kidole ukutani mwake: ukisikia utelezi, hao ni bakteria waliojenga makazi. Kauri haiachi dawa yoyote ndani ya maji. Madini ya fedha ambayo watengenezaji wengi huyaweka kwenye kauri huzuia vijidudu kuota ndani ya ukuta wake, hayalindi ndoo. Mkono mmoja mchafu uliozamisha kikombe, koki iliyoshikwa na mtoto aliyetoka chooni, mfuniko uliowekwa sakafuni, vyote huingiza vijidudu katika maji yasiyo na mlinzi.

Kwa hiyo ndoo ya chini ioshwe kila wiki kwa sabuni, isuuzwe kwa maji yaliyochujwa, na iachwe ikauke kifudifudi. Kitambaa cha jikoni kisiingie humo, maana ni kati ya vitu vichafu zaidi jikoni. Koki ifunguliwe na isuguliwe ndani kwa mswaki mpya uliotengwa kwa kazi hiyo. Mara moja kwa mwezi tia ndani maji yenye dawa ya klorini ya maji ya kunywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, fungulia koki kidogo ili dawa ipite humo, subiri nusu saa, umwage. Ndoo ikiwa ya plastiki inayopitisha mwanga, iondoe dirishani, maana jua huotesha ukijani. Maji ya ndani yanyweke siku hiyohiyo au ya pili.

Wakazi wa mijini wana mtego wao. Mishumaa mingi ya siku hizi ina mkaa amilifu ndani, unaoondoa harufu na ladha ya klorini. Maji ya bomba hutiwa klorini ili yajilinde njiani, na Shirika la Afya Duniani linataka ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita yanapomfikia mtumiaji. Mkaa huiondoa yote. Unapata maji matamu zaidi, lakini yakishatua kwenye ndoo ya chini hayana ulinzi hata ule mdogo yaliyokuja nao. Nyumba yenye mishumaa ya mkaa inadaiwa usafi wa ndoo ya chini kuliko nyumba nyingine yoyote. Mkaa wenyewe hauoshwi ukarudi upya, na kuchoka kwake hakuonekani kwenye kasi. Wengi wa watengenezaji hutoa miezi 6. Ukianza tena kusikia harufu ya klorini katika glasi, mkaa umekwisha.

Liko pia suala la kuchemsha. Nyumba nyingi za kwetu huchemsha kwanza, hupoza, kisha humimina kwenye chujio ili kuondoa magamba ya sufuria. Wanatumia mkaa na gesi kuua vijidudu, halafu wanayapitisha maji hayo salama kwenye mshumaa na ndoo ambavyo huenda havijaoshwa tangu sikukuu. Tena mwenye haraka humimina yakiwa bado moto, na kauri au gundi hupasuka kimyakimya. Ningeugeuza utaratibu huo. Chuja kwanza, kisha chemsha, na yahifadhi katika chombo safi chenye mfuniko. Au chuja, kisha tia klorini. Hasa wakati wa mlipuko wa kipindupindu, au maji taka yakifurika mtaani, hatua hiyo ya pili si ya kuruka. Klorini huua virusi ambavyo kauri haivikamati, na kauri hukamata Cryptosporidium ambayo klorini haiiwezi. Kila kimoja kinafunika udhaifu wa mwenzake. Ukichemsha, maji yakitokota sawasawa kwa dakika moja inatosha. Kwa walio juu ya mita 2,000, dakika tatu.

Kuna mambo ambayo kasi haisemi lolote juu yake. Chumvi ya visima vya pwani hupita kwenye kauri kama hakuna kitu. Floraidi pia hupita. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kiwango cha Tanzania kiliwahi kuwa 4, na viko vyanzo vya kandokando ya Mlima Meru vinavyozidi hata hapo. Watu wa Maji ya Chai na Ngurdoto wanayajua meno ya kahawia na miguu iliyopinda ya watoto. Huko kinachosaidia ni chengachenga za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, kazi iliyofanyiwa utafiti miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, na machujio ya aina ya lile lililompatia Dk. Askwar Hilonga wa Arusha tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015, ambayo huunganisha mchanga na vitu vya kunasa kemikali za mahali husika. Mifupa hiyo hushiba. Ikishashiba maji huendelea kushuka meupe, kwa kasi ileile, yenye floraidi yote. Hapo hakuna njia isipokuwa kupeleka sampuli ipimwe.

Chujio la mchanga la nyumbani, lile pipa la zege au plastiki, lina sheria zake, na zinapingana na za kauri. Juu ya mchanga huota tabaka hai linalofanya sehemu kubwa ya kazi, nalo huchukua wiki kadhaa kukomaa. Maji yasimame sentimita 5 hivi juu ya mchanga hata likiwa limepumzika, lisikae siku nyingi bila kulishwa, na maji yenye klorini yasimwagwe humo, kwa sababu yataliua tabaka hilo. Likizidi kuwa zito, vuruga maji ya juu kwa mkono safi na kuyachota, bila kuchimba mchanga.

Ukisafiri zaidi ya siku chache, mwaga maji yote, sugua mishumaa na uikaushe mahali penye hewa. Ukirudi, iloweke na umwage ujazo wa kwanza.

Na kwa anayekwenda kununua: kabla ya kuuliza bei ya chujio, uliza bei ya mshumaa wa ziada, washa na koki, na uhakikishe vinapatikana mjini kwako. Nunua mshumaa wa akiba siku hiyohiyo. Kama muuzaji hana vipuri, usinunue chujio hilo, hata liwe zuri namna gani.